Dada Wote Walio Chini ya Paa Hili

Siku ya kwanza ya Wiki ya Kukaribishana, Corinne Tidwell alipanda juu ya kigoda katikati ya sebule, simu mkononi, akawapanga wenzake kwenye ngazi. Warefu aliwaweka nyuma. Wenye nywele za dhahabu aliwasogeza upande wa dirisha ili waudake mwanga. Wale ambao meno yao yaliwagharimu wazazi wao pesa nyingi aliwaweka mbele kabisa, midomo wazi. Nje, kwenye majani, wasichana wageni walikuwa wamepanga foleni chini ya jua la Agosti la Alabama, kila mmoja na kifeni chake cha betri, wakisubiri milango ifunguliwe waimbiwe.

"Haya, chekeni kama watu mnaopendana," Corinne akasema. Wakacheka, naye akabonyeza.

Alipoitazama picha, Bobbie Stegall alikuwemo. Alikuwa katikati ya ngazi, baina ya msichana wa tenisi na binti wa seneta, amevaa aproni iliyolowa kifuani na ameshika sinia la sandwichi za tango. Alikuwa anacheka kuliko wote. Corinne akainua macho kuangalia ngazi. Bobbie hakuwepo. Bobbie alikuwa jikoni, nyuma ya mlango wa kusukuma, anamenya matango kama alivyopangiwa.

Corinne akapiga nyingine. Safari hii Bobbie alikuwa amehamia kushoto, na kando yake alisimama Ninfa Arreola na ndoo ya barafu. Ninfa naye alikuwa jikoni.

Sutton Harwell, rais wa nyumba, akaja kuchungulia. Sutton alikuwa msichana aliyejaliwa sauti ya kukushukuru hata pale anapokunyima.

"Nani kamruhusu Bobbie kutoka?" akauliza kwa upole.

"Hajatoka."

Sutton akaenda kusukuma mlango wa jikoni, akawakuta wasichana wote wanne waliopangiwa humo mahali pao, akawashukuru kwa kazi nzuri, akarudi. "Kweli hajatoka," akasema. "Basi futa, upige nyingine. Na mwambie avue ile aproni, imelowa, inatuaibisha."

Hilo ndilo lililomsumbua Sutton: ule umajimaji.

Nyumba yao ilikuwa ya chama cha udada, mojawapo ya zile nyumba kubwa zenye nguzo nyeupe zilizojipanga barabara nzima kando ya chuo, kila moja na herufi zake tatu za Kigiriki ambazo wenyewe hawawezi kuzitaja bila kupiga makofi. Ndani yake wasichana waliishi, walikula, waliitana dada, na kila Agosti walichagua wadogo zao wapya kwa wiki nzima ya nyimbo. Na kila Agosti kulikuwa na Kamati ya Ukarimu. Kazi ya Kamati ya Ukarimu ilikuwa kukaa jikoni hadi wageni waondoke. Hakuna aliyewahi kuandika vigezo vya kuingia kwenye kamati hiyo, na hakuna aliyewahi kuvikosea. Bobbie alikuwa na mabega aliyorithi kwa baba yake, fundi wa matrekta, na kicheko kilichosikika hadi maegesho ya magari. Ninfa alikuwa mzuri, kila mtu alikiri, lakini inasemekana picha hazikumwelewa. Wengine wawili, mmoja alikuwa na chunusi na mwingine alikuwa na maoni.

Wote wanne walilipa ada sawa na wenzao, na walizijua nyimbo zote. Kwa kweli waliziimba vizuri zaidi, maana jikoni kuna mwangwi.

Corinne na Bobbie walikaa chumba kimoja. Bobbie ndiye aliyezunguka vyumba vyote majira ya baridi kumwombea Corinne kura za cheo chake, akibisha kila mlango na biskuti za karanga. Siku kura zilipohesabiwa, Corinne alimrukia shingoni. "Nakuahidi, shoga yangu," akamwambia. "Agosti hii jikoni hukanyagi. Picha zote zangu mimi, nani atanipangia wa kumpiga?"

"Mimi picha sizitaki," Bobbie alisema. "Nataka Jioni ya Mishumaa tu. Emmalee anakuja mwaka huu."

Emmalee alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Jioni ya Mishumaa ilikuwa ndiyo siku ya mwisho ya wiki, wakati wageni waliobaki huingizwa mmoja mmoja sebuleni, pazia zimeshushwa, na dada mmoja hupiga magoti mbele ya kila mgeni na kumfunga utepe mweupe mkononi. Mgeni akiwa na ndugu yake wa damu ndani ya nyumba, ndugu huyo ndiye afungaye. Mama yao Bobbie alifungwa utepe wake na dada yake mkubwa, katika sebule ileile, na utepe huo ulikuwa nyumbani kwao ndani ya fremu ya kioo, umebadilika rangi. Katika maisha yake Bobbie aliwahi kutaka vitu vichache sana kwa nguvu hivyo, na vingine vyote vilikuwa vya kula.

Cheo chenyewe alichoshika Corinne kilikuwa kimepitia mengi. Zamani kiliitwa Mtunza Kumbukumbu, na kilikuwa cheo cha gundi. Mtunza Kumbukumbu alikaa pembeni na mkasi wake, akabandika kwenye albamu kubwa kila kilichopita: maua yaliyokauka, tiketi za dansi, picha ya dada aliyeshinda na ya dada aliyeanguka mtihani. Walichaguliwa wasichana wapole wenye mwandiko mzuri. Baadaye kikaitwa Mtunza Kumbukumbu na Afisa Uenezi, na albamu ikaanza kuwa nyembamba. Sasa kilikuwa Afisa Uenezi, basi. Afisa Uenezi hakutunza kitu. Alipiga, akaposti, akahesabu mioyo, na kesho yake hakuna aliyekumbuka ya jana.

Kitu kimoja tu hawakukibadilisha, nacho ni kiapo. Hawakukiacha kwa makusudi. Ni kwamba viapo vya nyumba ile husomwa kwa kunong'ona, gizani, kila mtu akiwaza anaonekanaje na nguo nyeupe, kwa hiyo tangu zamani hapakuwa na mtu aliyesikiliza kinasema nini. Corinne naye aliweka mkono juu ya albamu ya kale, akanong'ona aliyopewa: kwamba hatamwacha nje ya kumbukumbu za nyumba dada yeyote aliye chini ya paa hili. Kisha wakala keki.

Jumanne walijaribu simu nyingine. Bobbie na wenzake wakaonekana vilevile, tena kwa rangi nzuri zaidi. Walijaribu kuwafuta mmojammoja kwa programu ya kusafisha picha, ile wanayotumia kuondoa chunusi na wapenzi wa zamani. Walifutika, lakini picha ikifunguliwa tena walikuwa wamerudi, kila mmoja ameshika kitu kingine. Ninfa aliyekuwa na ndoo alirudi na kisu. Waliufunga mlango wa jikoni kwa ufunguo. Katika picha iliyofuata wote wanne walikuwa mstari wa mbele.

Sutton akaitisha kikao cha uongozi chumbani kwake. Watu wakakaa kitandani na sakafuni wakala zabibu.

"Tusilikuze jambo," Sutton alisema. "Wamo kwenye picha, sawa. Tatizo letu ni mavazi."

Mweka hazina akauliza kama kuna fungu la aproni. Likapatikana. Zikaagizwa aproni za rangi ya waridi zenye ukingo wa lesi, zikaletwa kesho yake asubuhi, na Corinne akatumwa kuzipeleka jikoni pamoja na maagizo mengine. Aliwakuta wanapanga vijiko.

"Mnaombwa mvae hizi," akasema. "Na mchane nywele. Na pia, kama itawezekana, mtabasamu."

"Nitabasamu wapi?" Bobbie akauliza.

"Humuhumu. Muda wote ambao wageni wapo. Maana hatujui picha itawachukua saa ngapi."

Bobbie akalitazama tango mkononi mwake, kisha akamtazama rafiki yake. "Yaani nimenye matango huku nalichekea sinki, kama mwendawazimu."

"Ni wiki moja tu, Bobbie."

"Na lile lako la hukanyagi jikoni?"

"Naongea nao. Nipe muda."

Ninfa alikuwa ameshaivaa aproni yake na kujigeuza mbele ya kioo cha oveni. "Inakaa vizuri," akasema. "Nitazikwa nayo." Wote wakacheka, Bobbie kwa sauti kuliko wote, na sebuleni Sutton akaongeza sauti ya muziki.

Alhamisi alifika Bi Verlene Pruitt. Bi Verlene alikuwa mshauri wa nyumba, dada wa zamani wa miaka ile nywele zilipokuwa zikipulizwa dawa hadi zisimame zenyewe, na zake hazikuwahi kuambiwa kwamba miaka ile imepita. Alikuwa ametoka kuzungumza na makao makuu ya chama, na macho yake yalikuwa na machozi ya furaha.

"Wanangu," akasema, akiwa bado na miwani ya jua usoni, "hizo picha zenu! Makao makuu hawana la kusema. Nyumba nyingine zote zinaonyesha msichana yuleyule mara arobaini. Ninyi mna kila mtu! Yule mwenye mabega, yule mweusimweusi kidogo, yule masikini mwenye ngozi ile. Na aproni! Nani aliwaza aproni?"

Sutton akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Kuna tuzo," Bi Verlene akaendelea. "Tuzo ya Kumbatio. Inatolewa kwa nyumba inayomkumbatia kila dada. Wameniambia kwa siri kwamba ni yetu, tukimaliza wiki hivihivi. Na Afisa Uenezi atapanda jukwaani kuipokea." Akamshika Corinne kidevu. "Wewe, mtoto wangu, una jicho."

Corinne alilipenda neno hilo. Hakuwahi kuambiwa ana jicho. Kwao aliambiwa ana bidii, na mtu anayeambiwa hivyo hujua maana yake. Hata hivyo aliyakumbuka ya Bobbie, akapiga moyo konde akasema.

"Kama watu wameshawaona kwenye picha, Bi Verlene, si tuwatoe tu? Waje sebuleni kama sisi."

Bi Verlene akavua miwani.

"Watoke waende wapi, mpenzi?"

"Sebuleni."

"Lakini sebuleni wapo. Nimewaona mwenyewe. Wapo kila picha, Mungu awabariki, wamenizidi hata mimi niliyelipia pazia hizi."

"Halafu wakitoka," mweka hazina akasema, "nani atakuwa jikoni?"

Swali hilo lilikuwa la maana, wote wakaliona. Corinne akajaribu tena. "Angalau Bobbie. Jioni ya Mishumaa. Mdogo wake anakuja."

Sutton akamwekea mkono begani. "Nashukuru sana umelitaja," akasema. "Tutaona."

Corinne akaenda jikoni na hiyo tutaona yake. Bobbie alikuwa amesimama mlangoni, mikono inachuruzika maji, akimsubiri. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshaanza kujikaza kisabuni asije akaonekana analia mbele ya matango.

"Wamesemaje?"

Corinne alimtazama, na hiyo tutaona ikamshinda kuitamka. "Wamekubali," akasema.

Bobbie alimbeba juu, aproni na simu na kila kitu, akamzungusha, wakaangusha bakuli la limau. Usiku ule alipiga pasi gauni lake jeupe, akalitundika dirishani, akalala akilitazama.

Jumamosi jua lilipoanza kushuka, pazia zikashushwa na mishumaa ikawashwa. Bobbie alikuwa amevaa lile gauni chini ya aproni ya waridi. Aliosha mikono kwa limau ili isinuke kitunguu. Utepe alikuwa nao mfukoni, ameukunja ndani ya tishu. Corinne alikuwa kwenye kona yake sebuleni, na kila mlango wa jikoni ulipotikisika alijitia kurekebisha simu.

Emmalee akaingia. Alikuwa Bobbie mtupu, mabega yaleyale, ila mama yao alikuwa amemshonea gauni la mikono mipana ya kuyaficha. Alikuwa anatazama huku na huku. Bobbie akausukuma mlango wa jikoni, akaukuta umezuiwa kwa upande wa pili na mgongo wa mweka hazina, ambaye alikuwa amepangwa pale na hakuwa mtu mbaya.

"Bobbie, tafadhali," mweka hazina akanong'ona kwenye ufa. "Sandwichi hazijatoka."

"Huyo ni mdogo wangu."

"Najua. Mzuri sana. Hongera."

"Corinne alisema mmekubali! Corinne!"

Corinne alimsikia. Sebule nzima ilimsikia, ikaanza kuimba. Sutton akapiga magoti mbele ya Emmalee, akamshika mkono, akaanza kumfunga utepe huku akimwambia kwa sauti ile yake kwamba nyumba hii imemsubiri maisha yake yote. Akamwashiria Corinne kwa nyusi. Corinne angeweza kuishusha simu. Alifikiria kuishusha, akafikiria pia jukwaa. Akabonyeza.

Picha ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Bobbie alikuwa amepiga magoti mbele ya mdogo wake, gauni jeupe bila aproni, uso umeng'aa kwa mshumaa, akikaza fundo la utepe kwa vidole na meno kama walivyofundishwa na mama yao. Emmalee alikuwa anamtazama kwa machozi. Sutton alikuwa nyuma yao, mikono kifuani, amefurahi kwa niaba yao.

"Bobbie yuko wapi?" Emmalee aliuliza sherehe ilipokwisha. "Walisema dada yangu ndiye atakayenifunga."

"Lakini amekufunga," Sutton akasema, akamwonyesha simu. "Si huyu hapa?"

Emmalee akaitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akautazama utepe mkononi. Alikuwa msichana aliyelelewa vizuri, akasema asante.

Kabla mishumaa haijapoa, picha ilikuwa imefika kila mahali. Nyumba nyingine za barabara ile ziliipenda kwa kijicho. Makao makuu wakaiweka kwenye ukurasa wao. Huko kusini, karibu na mpaka wa Florida, mama yao Bobbie aliiona akiwa ameketi barazani, akaingia ndani kuchukua miwani, akaiona tena, akapiga simu.

Bobbie alipokea akiwa mbele ya sinki. Ninfa alimshikia simu sikioni kwa kuwa mikono yake ilikuwa ndani ya barafu.

"Mwanangu!" mama akasema, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Nimewaona! Nimewaona wanangu wote wawili! Na lile fundo, Bobbie, umelifunga vilevile, kwa meno, kama shangazi yako... kama mama yako mkubwa alivyonifunga. Ona, hata majina yananichanganya. Nina furaha, siwezi kukwambia."

"Mama, sikuwepo."

"Hukuwepo wapi?"

"Sebuleni. Sikuwepo, mama. Mimi niko jikoni. Nimekaa jikoni wiki nzima. Mwaka jana pia."

Mama akacheka kwa upendo. "Acha utani wako. Mtu na macho yangu! Baba yako yuko hapa anataka kuitia kwenye fremu. Haya, nenda kale, umechoka. Nakupenda. Umetutoa kimasomaso."

Simu ikakatika. Ninfa akaifuta kwa aproni, akairudisha mezani. Yule mwenye maoni akafungua bomba la maji bila sababu, akalifunga.

Bobbie hakumwambia Corinne chochote hadi asubuhi. Corinne alikuwa ameandaa maneno mengi ya kujitetea, yote mazuri, na akakasirika kidogo yalipokosa wa kuyasikia. Walipoamka, Bobbie akavaa, akasimama mlangoni.

"Chukua simu yako, twende," akasema.

Wakashuka jikoni. Ilikuwa siku ya usafi, wote wanne walitakiwa humo kabla ya kifungua kinywa. Bobbie akavaa aproni, akashika kisu na tango, akasimama mbele ya sinki.

"Nipige hapa."

"Bobbie, nisikilize kwanza..."

"Sitaki kukusikiliza. Nataka picha. Moja tu, nimtumie mama ajue nilikuwa wapi. Umewapiga wenye meno wiki nzima, huwezi kunipiga mimi mara moja?"

Wakati huohuo Emmalee akaingia, bado na nguo za kulalia. Alikuwa amechaguliwa, jina lake lilisomwa usiku, akakesha akiimbiwa. Alikuwa anashikilia mkono wake wenye utepe, na fundo la Sutton lilikuwa limeshaanza kufunguka, kwa kuwa Sutton hakuwahi kufunga kitu hadi mwisho.

"Dada," akasema, "nifunge wewe."

Bobbie akaweka kisu chini. Akakausha mikono vizuri, kidole kwa kidole. Akautoa ule utepe wake mwenyewe mfukoni, kwenye tishu, akapiga magoti kwenye vigae vilivyolowa, akamfunga mdogo wake, akakaza kwa meno. Hapakuwa na mshumaa wala wimbo, ila Ninfa alianza kidogo kwa sauti ya chini, na wengine wakamwitikia. Emmalee akalia kikwelikweli, kwa makamasi. Corinne alijua kwamba hiki ndicho alichokuwa ameahidi, na kwamba hakikuwa na mchango wake hata kidogo. Akainua simu, akabonyeza.

Wakakusanyika kuitazama.

Kwenye picha kulikuwa na jiko. Kulikuwa na sinki, maji yaliyotuama, tango lililomenywa nusu, aproni za waridi zimetundikwa kwenye misumari yake. Katikati alisimama Emmalee peke yake, amenyoosha mkono mbele, na utepe ukiwa umejizungusha mkononi mwake, ncha zake mbili zikielea hewani bila anayezishika. Bobbie hakuwemo. Ninfa na wenzake hawakuwemo.

Corinne akapiga nyingine, na nyingine. Zikatoka vilevile. Pengine picha haikuweza kumweka mtu mahali pawili. Ilikuwa imeshaapa kwamba dada hawa wako sebuleni, na dada aliye sebuleni hawezi pia kuwa jikoni.

"Kwa hiyo hata huku simo," Bobbie akasema. Hakuipandisha sauti. Aliitazama picha kama mtu anavyotazama ratiba ya basi lililokwisha kuondoka, kisha akachukua kisu chake, maana tango lilikuwa linakauka.

Emmalee akabaki anaushika utepe wake. "Lakini mimi nilimwona," akamwambia Corinne. "Nimemwona sasa hivi."

"Najua," Corinne akasema.

"Basi waambie."

Corinne akasema atawaambia. Na kwa kuwa dhamiri ilimsumbua kwelikweli, asubuhi ileile aliituma picha ile kwa Bi Verlene, pamoja na maelezo marefu ya nani alikuwa wapi wiki nzima, nani alifunga utepe na nani alizuiwa mlangoni. Hakuficha jina lolote ila lake. Jibu lilikuja wakati wa chakula cha mchana. Bi Verlene alisema amefurahi sana kuona jiko limeachwa safi namna ile, na kwamba kisa cha kina dada wawili kimemliza, na makao makuu wangependa kukitumia.

Tuzo ya Kumbatio ilitolewa mwezi wa pili, kwenye ukumbi wa hoteli. Corinne alipanda jukwaani akiwa amevaa viatu vilivyombana. Nyuma yake, kwenye kioo kikubwa, ilionyeshwa ile picha ya utepe, na ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Alitoa hotuba fupi. Alimshukuru Sutton, alimshukuru Bi Verlene, na mwisho akasema kwamba tuzo hii ni ya Bobbie Stegall, ambaye hakuwepo kwa kuwa nafasi za safari zilikuwa chache. Alipiga picha ya ukumbi ili aweke ukurasani. Katika picha hiyo ukumbi ulionekana kama ulivyokuwa, kwa sababu kiapo ni cha paa lao tu.

Kuhusu kiapo, kuna aliyekisoma hatimaye, na uongozi ukakaa kuamua kama kifutwe. Waliamua kibaki. Isitoshe waliamua kisomwe kwa sauti kubwa, na Kamati ya Ukarimu iongezwe watu, kwa kuwa kadiri jikoni kulivyojaa ndivyo picha zilivyopendeza.

Majina ya kamati mpya yalibandikwa mwanzoni mwa Agosti iliyofuata. Emmalee alilikuta lake la kwanza. Alimwendea Bi Verlene kumuuliza kama kuna makosa, na Bi Verlene akamwonyesha kwenye simu ile picha ya jikoni, aliyokuwa ameihifadhi mwaka mzima kwa sababu aliipenda.

"Tazama mwenyewe, mpenzi," akamwambia. "Jiko limekukaa vizuri. Umesimama hapo kama uliyezaliwa napo."

Emmalee akaenda jikoni. Bobbie alikuwa amemwandalia aproni, ameipunguza kamba mwenyewe ingawa haikuhitaji kupunguzwa, mabega yao ni mamoja. Akamgeuza, akamfungia mgongoni, akakaza fundo kwa meno. Sebuleni Corinne alipanda juu ya kigoda, akawaambia walio kwenye ngazi wacheke, akabonyeza, na kina dada wa Stegall wakaonekana katikati, wameshikana mikono, wanacheka kuliko wote.